Akili mnemba imeandika, nani atakayeulizwa?

 

Ndugu msomaji, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Ramadhani iliyopita nilipewa darasa la baada ya Alasiri katika msikiti wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, mada ikiwa ni haki za jirani. Siku ile nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha, muda ukanibana. Nikafungua katika simu programu moja ya akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia, nikaiagiza iniandalie darasa. Haikupita dakika moja likawa tayari: aya, hadithi tano, mpaka namba zake katika Sahih Bukhari. Nikasoma, watu wakaleta takbira.

Baada ya Magharibi mzee mmoja wa safu ya mbele akanivuta pembeni. "Ustadh, hadithi yako ya nne nzuri sana, lakini mimi sijapata kuisikia. Umeitoa wapi?" Nikamtajia namba. Nilipofika nyumbani nikafungua kitabu. Chini ya namba ile palikuwa na hadithi ya udhu. Ile niliyoisoma sikuiona humo, wala popote nilipotafuta. Kesho yake nikasimama mbele ya watu wale wale, nikakiri. Kwa hakika, lile ndilo darasa gumu kuliko yote niliyowahi kutoa.

Mashine haina isnadi

Tuelewe kwanza chombo hiki kinavyofanya kazi. Programu hizi, zilizoenea tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, zimelishwa maandishi mengi mno, kisha zikafundishwa kukadiria neno gani linafaa kufuata neno jingine. Hazikumbuki kitabu kama hafidh anavyoikumbuka Qur'an. Ndiyo maana zinaweza kutoa maneno yenye sura ya hadithi, yakiwa na namba na msimulizi, kumbe hayana asili. Haya hayakunipata mimi peke yangu. Juni 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000, kwa kuwasilisha hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na programu hiyo.

Sisi Waislamu tulitakiwa tuwe wa mwisho kudanganyika hivi. Wanazuoni wetu hawakupokea neno mpaka wajue nani kalisema, kalisikia kwa nani, na mtu huyo alikuwa mkweli au muongo. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuhakiki habari inayoletwa na fasiki. Mashine si fasiki wala si mwadilifu; haina dini wala haya. Je, tuichukue habari yake bila kuhakiki? Na onyo la kumzulia Mtume (SAW) uongo sote tunalijua.

Kusifiwa kwa usichokitenda

Suala la pili ni la uaminifu. Katika Suratul Aal Imran, aya ya 188, Allah (SW) anawaonya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, anayejifaharisha kwa asichopewa amefananishwa na aliyevaa nguo mbili za uongo. Zile takbira zilikuwa za nani, ndugu yangu? Zangu au za simu?

Hata wasiokuwa Waislamu wameliona hili. Waandishi wa filamu wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, na miongoni mwa waliyoyapata ni kwamba kampuni ikimpa mwandishi maandishi ya akili mnemba lazima imwambie. Mwandishi wa Japani, Rie Kudan, alipopewa tuzo ya Akutagawa Januari 2024, alisema wazi kuwa kiasi cha asilimia 5 ya kitabu chake kilitoka kwenye mashine. Mtu anaweza kukubali au kukataa alivyofanya, lakini hakuficha.

Mama wa kila mtu

Baada ya Idi, binti mmoja wa madrasa yetu aliniletea utenzi wa kumshukuru mama yake, ausome kwenye mahafali. Nikautambua mara moja. Nilitaka kumkemea, nikakumbuka darasa langu, nikanyamaza. Kisha nikamuuliza:

"Binti yangu, mama yako anaamka saa ngapi?"

"Saa kumi, ustadh. Anakaanga vitumbua kabla ya adhana."

"Mbona humu hamna vitumbua?"

Akainamisha kichwa. Mama wa kwenye ule utenzi alikuwa nyota, alikuwa ua, alikuwa mama wa kila mtu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia wasia binti yake Mwana Hashima. Utenzi ule unasomwa mpaka leo, na chanzo chake ni mama aliyekuwa akimhofia mwanawe. Mashine haina mtoto wala haingoji mauti.

Yule binti alirudi na beti kumi na mbili alizozitunga mwenyewe. Mizani haikutimia nane katika beti kadhaa, na vina vilimshinda mahali. Lakini vitumbua vilikuwemo.

Tufanye nini?

Sitoi fatwa, hilo lina wenyewe. Wala sisemi chombo hiki ni haramu, kwani kinaweza kukusahihishia herufi au kukupa maswali ya kufikiria. Nasema haya tu: aya na hadithi usizitoe kwenye mashine bila kufungua kitabu au kumuuliza mwanachuoni. Ikiwa imekuandikia, sema. Na lile linalotakiwa litoke moyoni, kama khutba, kaswida au barua kwa mzazi, liandike mwenyewe hata kama litachechemea. Siku ya hesabu simu haitasimamishwa kuulizwa. Tutaulizwa sisi tuliotia majina yetu.

Wallahu a'alam.