Ndege Iliyokuwa Banda la Kuku: Somo la Kutunza Vifaa vya Vita Nyumbani Kwetu

Katika maboma mengi ya Kisii na Nyamira kuna kitu kilichorudi na askari kutoka vitani. Huenda ni nishani iliyofungwa kwa kitambaa, sanduku la chuma la kubebea risasi ambalo sasa linawekwa misumari, kofia ya chuma ambayo kuku hunywea maji, au cheti cha kuondoka jeshini kilichokunjwa mara nne ndani ya Biblia. Mwenyewe, askari wa Keya, ameshafariki. Nyumba yake ya zamani inabomolewa ili shamba ligawanywe au mjukuu ajenge ya kisasa. Siku hiyo, vitu hivi huishia kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, vikapimwa kwa kilo.

Somo hili ni la kuzuia hasara hiyo. Linaanzia mbali kidogo, kwa watu wa kujitolea waliofufua ndege za vita huko Uingereza, kwa sababu njia waliyofuata inaweza kufuatwa na familia, shule au kikundi chochote hapa kwetu.

Banda la kuku lililorudi kuwa ndege

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Uingereza iliunda ndege kubwa za kuangusha mabomu zilizoitwa Halifax, zaidi ya 6,000. Vita vilipokwisha mwaka 1945, nchi ilikuwa imechoka na ilihitaji chuma na alumini. Karibu ndege hizo zote zilikatwakatwa na kuyeyushwa. Baada ya miaka michache, ilikuwa vigumu kupata hata moja nzima ya kuwaonyesha watoto wa wale walioziendesha.

Hata hivyo, kipande kimoja kilikuwa kimesalia. Katika kisiwa cha Lewis, Scotland, mkulima mmoja alikuwa amenunua sehemu ya bodi ya Halifax iliyoharibika wakati wa kutua, akaigeuza banda la kuku. Kuku walilala humo miaka mingi. Katika miaka ya 1980, watu wa makavazi ya ndege ya Yorkshire, yaliyoko Elvington, walikichukua kipande hicho na kuanza kazi. Mabawa waliyatoa kwa ndege ya aina nyingine, Hastings, iliyoundwa na kampuni ileile. Injini zilitoka Ufaransa. Vipande vilivyokosekana vilitengenezwa upya kwa mikono. Tarehe 13 Septemba 1996, siku ya Ijumaa, ndege hiyo ilitolewa nje ikiwa imekamilika. Iliitwa “Friday the 13th”, yaani Ijumaa ya tarehe 13, kwa heshima ya Halifax nyingine iliyokuwa na jina hilo wakati wa vita.

Hapa kuna mafunzo mawili. Kwanza, kitu kinachoonekana takataka leo kinaweza kuwa ndicho pekee kilichosalia kesho. Mkulima yule hakukusudia kuhifadhi historia; alitaka mahali pa kuku. Lakini kwa kuwa hakukiyeyusha, kilipatikana. Pili, watu wa Yorkshire hawakudanganya. Wanaeleza wazi kwamba mabawa ni ya Hastings na injini zimetoka kwingine. Ukarabati wa kweli hauna aibu ya kusema, “Hii ni ya zamani, na hii tumeitengeneza sisi.”

Ndege iliyotolewa ziwani

Mfano wa pili ni ndege aina ya Wellington. Tarehe 31 Desemba 1940, ndege moja ya aina hii ilipata hitilafu ya injini ikiwa katika safari ya mafunzo, na marubani wakaishusha juu ya maji ya ziwa Loch Ness. Wao wawili waliokoka. Mpiga bunduki wa nyuma alikufa alipojaribu kuruka kwa mwavuli. Ndege ilizama, ikakaa chini ya ziwa karibu miaka 45. Iligunduliwa mwaka 1976 na watu waliokuwa wakimtafuta mnyama wa hadithi anayesemekana kuishi humo, na ikainuliwa mnamo Septemba 1985.

Ilipelekwa Brooklands, kusini mwa Uingereza, pale pale ilipoundwa. Huko, watu wa kujitolea, wengi wao wazee waliostaafu na baadhi yao wakiwa wamewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho, waliifanyia kazi kwa saa nyingi zinazokadiriwa kufika 100,000. Bodi ya Wellington haikuwa ya mabati kama ndege za leo. Ilikuwa mifupa ya alumini iliyopishanishwa kimiani, mfano wa kikapu, kisha ikavikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Yeyote anayejua kusuka kikapu ataelewa kwa nini ndege hizo ziliweza kurudi nyumbani zikiwa na matundu: ufito mmoja ukikatika, nyingine hushika mzigo.

Maji baridi ya ziwa yalikuwa yameitunza vizuri kiasi kwamba baadhi ya taa zake ziliwaka zilipounganishwa na betri. Lakini pale Brooklands mifupa haikuvikwa kitambaa chote, wala mikunjo yote haikunyooshwa. Mgeni anaona ilivyosukwa, na anaona pia ilivyoumia. Hilo ni funzo la tatu: kovu la kitu ni sehemu ya habari yake. Kofia ya chuma yenye shimo haifai kuzibwa kwa fundi wa kuchomea. Shimo ndilo linaloongea.

Vita vilivyopita kwetu

Mtu anaweza kuuliza, “Ndege za Wazungu zinatuhusu nini sisi watu wa Gusii?” Zinatuhusu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilifika hapa mjini Kisii mwezi wa pili tu tangu vianze. Mnamo Septemba 1914, kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka kusini, kikauteka mji, na tarehe 12 kikapambana na askari wa Keya waliotoka upande wa Kisumu. Baada ya hapo vijana wengi wa Afrika Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi. Kikosi chao ndicho kilichoacha jina la Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Wapagazi wengi zaidi waliuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi.

Ndege za kivita ziliingia katika vita hivyo kupitia pwani. Mwaka 1915, Waingereza walizitumia kuitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya mto Rufiji. Ndege mbili za kwanza aina ya Sopwith zilizoletwa mwaka huo hazikufaa, kwa sababu joto na unyevu viliharibu mbao na gundi. Zikaletwa nyingine, na hatimaye tarehe 11 Julai 1915 manowari hiyo iliangamizwa, huku marubani wakiwaelekeza wapiga mizinga kutoka angani. Mzinga mmoja wa Königsberg unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Mwaka uliofuata, ndege zilikuwa zikiruka kutoka Mbuyuni na Maktau, katika Taita Taveta ya sasa.

Katika Vita Vikuu vya Pili, askari wa Keya walipelekwa hadi Burma. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika msimu wa mvua kubwa. Barabara zilikuwa matope matupu. Chakula na risasi vilidondoshwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Kwa hiyo, babu anaposimulia jinsi walivyosubiri mlio wa ndege ili wale, anasimulia historia ya urubani kutoka upande wa chini, upande ambao mara nyingi haumo katika makavazi ya Ulaya.

Na sisi watu wa Gusii tunajua uchungu wa kitu kilichoondoka bila maandishi. Tangu Otenyo alipomchoma mkuki afisa wa kikoloni Northcote mwaka 1908 na kuuawa, wazee wetu wamekuwa wakidai kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Zaidi ya karne moja baadaye, dai hilo bado halijafungwa. Kitu kikihama bila rekodi, kukirudisha ni kazi ya vizazi.

Hatua sita za kufuata

1. Andika kabla ya kugusa. Piga picha kitu hicho kikiwa pale kilipo, mbele na nyuma. Andika tarehe, boma, kijiji, wadi na jina la aliyekuwa mwenyewe. Nakili kila namba na herufi iliyogongwa juu yake. Nishani za Vita vya Kwanza mara nyingi zina namba na jina la askari pembeni. Za Vita vya Pili, kama Burma Star, nyingi hazina jina. Bila maelezo ya familia, nyota hiyo haitajua tena ilikuwa ya nani.

2. Sikiliza wazee sasa. Chukua simu, rekodi sauti. Usianze na maswali makubwa. Muulize bibi: “Magokoro, babu alipoenda jeshini aliaga vipi? Alirudi na nini? Usiku alikuwa akiongea nini?” Mke au binti aliyebaki nyumbani anajua mambo ambayo hayamo katika cheti chochote. Mwache azungumze Ekegusii. Tafsiri itafuata baadaye.

3. Usisugue. Huku ndiko kuharibu kwingi hutokea. Watu huchukua Brasso, msasa, ndimu au waya wa kusugulia sufuria ili nishani ing'ae mbele ya wageni. Kila ukisugua, unaondoa chuma kidogo pamoja na maandishi. Pangusa vumbi kwa brashi laini na kitambaa kikavu cha pamba, basi. Rangi ya zamani usiibandue, kwani huenda chini yake kuna namba ya kikosi.

4. Pambana na unyevu. Nyanda zetu hupata mvua nyingi karibu mwaka mzima, na unyevu ndio adui mkubwa wa chuma na karatasi. Usiweke kitu sakafuni wala kando ya ukuta unaolowa. Usifunge chuma ndani ya karatasi ya plastiki, maana kitatoa jasho na kushika kutu. Kitambaa safi cha pamba ndani ya sanduku kavu kinatosha. Vyuma vya aina tofauti visigusane, kwa sababu kimoja hukila kingine.

5. Karatasi zipewe heshima yake. Cheti cha jeshi au barua usiipeleke saiba kufunikwa kwa plastiki ya moto. Plastiki hiyo haitoki tena, na joto huharibu wino. Usibandike kwa selotepu. Piga picha iliyo wazi, kisha weka karatasi ikiwa imenyooshwa ndani ya bahasha safi.

6. Ukitengeneza, sema. Kama mpini umevunjika na fundi wa jua kali ameweka mwingine, andika mwaka na kilichobadilishwa. Hicho ndicho walichofanya watu wa Yorkshire.

Tahadhari: risasi, mabomu na bunduki

Kitu chochote kinachofanana na risasi nzima, bomu la mkono au kombora kisiguswe, kisigongwe, kisipelekwe kwa mnunuzi wa vyuma wala kwa makavazi. Umri hauondoi hatari. Baruti ya zamani inaweza kulipuka kwa mtikisiko mdogo. Waondoe watoto, weka alama kwa mbali, na umjulishe chifu au kituo cha polisi kilicho karibu. Bunduki nayo, hata ikiwa imejaa kutu, haihifadhiwi nyumbani bila kibali cha kisheria. Itolee taarifa.

Kutoka boma hadi makavazi

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaweka makavazi ya kaunti miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, huku maeneo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa yakiwa chini ya serikali ya kitaifa. Lakini makavazi ya jamii hayaanzi na jengo. Kule kisiwa cha Mfangano, jamii ya Abasuba imekuwa na makavazi yake ya amani, na kiini chake ni vitu na kumbukumbu za wenyeji wenyewe.

Kikundi cha watu kumi katika wadi kinaweza kuanza na daftari moja la kuorodhesha vitu, bila kuvihamisha. Kila kitu kibaki kwa mwenyewe. Siku familia ikitaka kukitoa kionyeshwe, pawe na maandishi yenye sahihi za pande mbili yakieleza kama ni zawadi au mkopo, na kama ni mkopo, kitarudi lini. Ndugu wote wa boma wakubaliane kwanza. Nishani ya babu si mali ya mjukuu mmoja aliyeipata sandukuni.

Wala usidhani kazi hii inahitaji wahandisi. Mwalimu aliyestaafu ataandika maelezo. Seremala atatengeneza kabati. Mwanafunzi atapiga picha na kupanga majina. Aliyetumikia jeshi atatambua beji. Anayekuja kila Jumamosi bila kukosa ana faida kuliko mtaalamu anayekuja mara moja.

Kazi ya nyumbani

Wiki hii, fanya mambo matatu. Moja, waulize watu wa boma lenu kama kuna aliyekwenda vitani, na aliacha nini. Mbili, piga picha ya kitu kimoja na uandike mistari mitano juu yake. Tatu, kabla ya nyumba yoyote ya zamani kubomolewa, ombeni siku moja ya kufungua masanduku na kuangalia chini ya kitanda na juu ya dari.

Mkulima wa Lewis alikuwa na banda la kuku, na ndani yake mlikuwa na ndege. Tazama tena kile chombo ambacho kuku wako wanakinywea maji.