SOMO LA 14: NGUVU ZA MAWIMBI

Katika somo lililopita ulijifunza jinsi maji ya Mto Ruaha Mkuu yanavyozungusha mitambo ya Kidatu na kutupatia umeme. Maji hayo huteremka kwa nguvu, husukuma gurudumu, na gurudumu huzungusha jenereta. Sasa fikiri juu ya bahari. Kama unakaa pwani, umekwisha kuona mawimbi wakati wa kusi. Hupiga miamba mchana na usiku, huvunja kingo za nchi, na huweza kupindua ngalawa. Kama unakaa karibu na Ziwa Viktoria, Tanganyika au Nyasa, wewe pia unayajua mawimbi.

Mbona basi mawimbi hayo hayatupatii umeme kama Mto Ruaha? Watu wenye elimu kubwa wamejiuliza swali hilo kwa miaka mingi, wakatumia fedha nyingi kulijibu. Mashine za kukamata mawimbi zimekwisha kutengenezwa, na zilifanya kazi. Hata hivyo, umeme wa mawimbi unaouzwa duniani mpaka leo ni kidogo sana. Katika somo hili tutatafuta sababu yake.

Wimbi ni nini?

Tia maji katika karai pana, kisha yaache yatulie. Puliza juu ya maji kutoka upande mmoja. Utaona viwimbi vidogo vikikimbilia upande wa pili. Hivyo ndivyo upepo unavyofanya baharini. Upepo wenyewe hutokana na jua, kwa kuwa jua hupasha joto nchi na bahari kwa viwango visivyo sawa, na hewa ikaanza kwenda. Kwa hiyo nguvu za wimbi ni nguvu za jua zilizopita katika upepo.

Sasa weka jani kavu katikati ya karai. Gusagusa maji kwa kidole karibu na ukingo. Litazame jani. Je, linasafiri pamoja na viwimbi? La. Hupanda na kushuka, likabaki karibu na pale pale. Maji nayo hufanya vivyo hivyo. Kinachosafiri ni nguvu, si maji.

Hapa pana tofauti kubwa kati ya wimbi na mto. Mto husukuma gurudumu upande mmoja daima. Wimbi huinua na kushusha, husukuma na kuvuta, na halilingani na lile lililolitangulia. Fundi anayetaka umeme wa mawimbi lazima kwanza ageuze mwendo huo wa kupanda na kushuka uwe mwendo wa kuzunguka.

Kukamata wimbi kwa chupa

Mwombe mwalimu wako akate kitako cha chupa kubwa ya plastiki. Ondoa kizibo. Shika chupa wima na uizamishe kwa haraka ndani ya ndoo ya maji, kitako kikiwa chini, huku umeweka kiganja cha mkono wa pili karibu na mdomo wa chupa. Utasikia hewa ikikupiga kiganjani. Maji yalipopanda ndani ya chupa yaliisukuma hewa nje. Sasa vuta chupa juu. Hewa inarudi ndani. Ukiweka pangaboi dogo la karatasi juu ya mdomo wa chupa, litazunguka.

Mjapani aitwaye Yoshio Masuda alitumia njia hii katika maboya yanayoonyesha meli njia. Mawimbi yalisukuma hewa ndani ya boya, hewa ikazungusha jenereta ndogo, na taa ya boya ikawaka. Maboya ya namna hiyo yalianza kuuzwa katika miaka ya 1960. Kilikuwa chombo kidogo chenye kazi ndogo, nacho kilifaa sana.

Je, uliona shida yoyote katika jaribio lako? Hewa ikitoka, pangaboi huzunguka upande mmoja. Ikiingia, hutaka kuzunguka upande wa pili. Katika miaka ya 1970, Profesa Alan Wells wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, alibuni gurudumu ambalo mabawa yake huzunguka upande ule ule, hewa iwe inatoka au inaingia. Hadi leo gurudumu hilo huitwa kwa jina lake.

Bata wa Salter

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafula duniani kote. Nchi zisizokuwa na mafuta ya kutosha zilianza kutafuta nguvu nyingine. Huko Scotland, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, mhandisi Stephen Salter alitengeneza chombo chenye umbo la tone la maji, upande mmoja mnene na upande mwingine umechongoka. Chombo hicho kilipopigwa na wimbi kiliinamisha na kuinua kichwa kama bata anayeelea, na watu wakakiita Bata wa Salter. Mwaka 1974 alieleza kazi yake kwa maandishi. Katika birika la majaribio, bata wadogo walikamata sehemu kubwa mno ya nguvu za mawimbi, hata maji yaliyokuwa nyuma yao yakabaki karibu kutulia.

Lakini birika si bahari. Kutoka chombo kidogo cha birikani mpaka chombo kikubwa cha baharini kuna safari ndefu, na safari hiyo huhitaji fedha. Mwaka 1982 serikali ya Uingereza ilikatiza sehemu kubwa ya mradi wake wa mawimbi. Bata wa ukubwa kamili hakujengwa.

Hesabu ya dhoruba

Sasa chukua kalamu na karatasi, maana sehemu hii ndiyo kiini cha somo.

Wimbi lenye kimo cha mita 2 halina nguvu mara mbili tu ya wimbi la mita 1. Lina nguvu mara 4. Wimbi la mita 3 lina nguvu mara 9. Kanuni yake ni kuzidisha kimo kwa kimo.

Tuseme kwamba mahali fulani baharini mawimbi ya siku za kawaida yana kimo cha mita 2. Chombo kimewekwa hapo kizalishe umeme kutokana na mawimbi hayo. Siku moja dhoruba inakuja na mawimbi ya mita 10. Zidisha 2 kwa 2, upate 4. Zidisha 10 kwa 10, upate 100. Kisha gawanya 100 kwa 4. Chombo kile kile sasa kinapigwa na nguvu mara 25 ya zile za siku zote.

Je, siku hiyo kitazalisha umeme mara 25? Hapana. Jenereta yake ilichaguliwa kwa mawimbi ya kawaida, nayo haiwezi kupokea zaidi ya kipimo chake. Nguvu za dhoruba hazina faida kwake. Kazi yake siku hiyo ni kutovunjika tu. Hata hivyo chuma chake, viungo vyake, minyororo yake na nanga zake zote lazima zitengenezwe kwa ajili ya siku hiyo.

Fikiri juu ya daraja lililojengwa juu ya korongo kavu. Mwaka mzima watu wachache na baiskeli zao hupita juu yake. Mvua kubwa inyeshapo, mafuriko hupita chini yake kwa siku mbili. Mjenzi hakuweza kulijenga daraja kwa kufikiria baiskeli peke yake. Ndivyo kilivyo chombo cha mawimbi: hupata mapato yake kwa mawimbi madogo, lakini gharama yake hupangwa na mawimbi makubwa. Kwa maoni yetu, shida hii ni kubwa kuliko nyingine zote utakazosoma hapa chini.

Wako waliofundishwa jambo hili na bahari yenyewe. Mwaka 1985 mnara wa chuma wa kuzalisha umeme kwa njia ile ya chupa ulijengwa juu ya mwamba wa Toftestallen, karibu na mji wa Bergen, nchini Norwei. Ulifanya kazi kwa miaka mitatu. Desemba 1988 dhoruba iliung'oa. Mwaka 1995 chombo kikubwa kilichoitwa Osprey kilipelekwa kwenye pwani ya kaskazini ya Scotland. Mawimbi yalikiharibu wakati kinawekwa mahali pake, kikazama kabla ya kuanza kazi.

Nyoka wa bahari

Wahandisi wengine walifikiri hivi: kama hatuwezi kushindana na dhoruba, tutengeneze chombo kinachoikwepa. Huko Edinburgh walitengeneza Pelamis, na jina hilo ni la aina ya nyoka wa baharini. Kilikuwa na mirija minene ya chuma iliyounganishwa kwa viungo, mirefu kwa pamoja kuliko uwanja wa mpira. Kilielea huku kichwa chake kimeelekea mawimbi. Wimbi lilipopita chini yake, viungo vilikunjika na kukunjuka, vikasukuma mafuta mazito ndani ya mabomba, na mafuta yakazungusha jenereta. Mawimbi makubwa mno yalipokuja, kichwa chake kilipenya ndani ya wimbi, kama mwogeleaji anavyopiga mbizi chini ya wimbi asipigwe kifuani.

Mwaka 2004, katika visiwa vya Orkney, Pelamis ilipeleka umeme katika nyaya za taifa. Septemba 2008 vyombo vitatu vya namna hiyo vilifunguliwa rasmi karibu na Aguçadoura, nchini Ureno. Kila kimoja kiliweza kutoa kilowati 750. (Kilowati moja yatosha kuwasha pasi moja ya umeme.) Miezi miwili baadaye vyote vitatu vilivutwa kurudi bandarini, navyo havikurudi tena baharini.

Ni nini kilichotokea? Si dhoruba. Vipande vilivyomo ndani ya viungo vilikuwa vikilika upesi kuliko ilivyotazamiwa. Kasoro kama hiyo hurekebishika. Lakini mwaka huo mabenki na makampuni mengi duniani yalikuwa yakianguka, na kampuni iliyokuwa na hisa nyingi katika mradi ilikuwa miongoni mwa zilizopata shida. Fedha za matengenezo hazikupatikana. Mwaka 2014 kampuni iliyotengeneza Pelamis nayo ilifilisika.

Shida za kila siku

Mtu yeyote mwenye chombo pwani ataweza kukueleza shida nyingine za bahari. Maji ya chumvi hula chuma. Mwani na viumbe vidogo vyenye magamba magumu hujishika chini ya chombo na kukifanya kizito. Wavuvi wetu hupweleza jahazi, wakalichoma chini kwa moto wa makuti, kisha wakalipaka shahamu. Lakini ni nani atakayepweleza chombo chenye uzito wa mamia ya tani?

Tena, fundi hawezi kukifikia chombo mpaka bahari itulie. Mahali panapofaa kwa umeme ni pale penye mawimbi makubwa karibu kila siku. Na mahali hapo hapo ndipo siku za kutulia zilipo chache. Chombo kikiharibika mwanzoni mwa majira ya dhoruba, huenda kikakaa wiki nyingi bila kufanya kazi.

Halafu kuna waya wa kuleta umeme nchi kavu. Wenzako wa Unguja wanalijua jambo hili, kwa maana umeme wao hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Waya huo ulipopata hitilafu Desemba 2009, kisiwa kilikosa umeme wa bara kwa muda wa miezi mitatu. Waya wa chombo cha mawimbi una kazi ngumu zaidi, kwani ncha yake moja imefungwa kwenye kitu kinachochezacheza siku zote.

Wakati wahandisi wa mawimbi walipokuwa wakipambana na mambo hayo, umeme wa upepo na wa jua ulizidi kuwa rahisi. Mitambo ya upepo leo karibu yote inafanana: mlingoti mmoja na mabawa matatu. Viwanda hutengeneza maelfu yake, na kila mmoja humfundisha fundi jambo la kumsaidia katika unaofuata. Vyombo vya mawimbi bado havijapata umbo moja. Huyu anatengeneza bata, yule nyoka, mwingine boya au ubao wa kupepea. Aliyefilisika mara nyingi huondoka na maarifa yake.

Ukuta wa Mutriku

Uko mtambo mmoja uliodumu. Katika mji mdogo wa Mutriku, nchini Hispania, bandari ilihitaji ukuta wa kuikinga na mawimbi. Wajenzi waliacha vyumba vitupu ndani ya ukuta huo, wakaweka juu yake magurudumu 16 ya hewa. Tangu mwaka 2011 mawimbi hupanda na kushuka ndani ya vyumba hivyo kama maji katika chupa yako. Mtambo wote una uwezo wa kilowati 296 tu, na mawimbi ya ufukoni ni dhaifu kuliko ya bahari kuu. Lakini ukuta ungejengwa hata bila umeme, na fundi huenda kazini kwa miguu.

Maswali

1. Katika jaribio la karai, jani lilipanda na kushuka bila kusafiri. Hilo lakuonyesha nini juu ya wimbi?

2. Mawimbi ya kawaida ya mahali fulani yana kimo cha mita 1. Dhoruba ikileta mawimbi ya mita 6, nguvu zake zitakuwa mara ngapi ya zile za kawaida?

3. Mitambo ya Kidatu ina uwezo wa kilowati 204,000. Vyombo vitatu vya Aguçadoura kwa pamoja vilikuwa na kilowati ngapi? Kidatu ni takriban mara ngapi ya hizo?

4. Eleza kwa nini mahali pazuri kwa kuzalisha umeme wa mawimbi ni pabaya kwa fundi wa matengenezo.

5. Vyombo vya Aguçadoura viliondolewa baharini kwa sababu gani? Je, wewe ungesema kwamba vilishindwa na bahari? Toa hoja zako.

6. Kwa muda wa wiki moja, tazama mawimbi ya bahari, ziwa au bwawa lililo karibu nawe, asubuhi na jioni. Chomeka kijiti kilichotiwa alama za sentimeta mahali penye maji haba, ukiwa na mtu mzima. Andika kimo cha wimbi na upande unakotoka upepo. Ni siku gani fundi angeweza kufanya kazi? Ni siku gani mtambo ungetoa umeme mwingi?