Jenereta ya Trela: Ukubwa Gani, na Iwekwe Wapi?

SWALI: Tunaishi Texas na tumenunua trela ya kulala safarini. Kiyoyozi chake ni cha BTU 13,500. Tununue jenereta ya ukubwa gani? Tunaweza kulala ikiwa inawaka?

JIBU: Pigeni hesabu kwa kuanzia na kiyoyozi, maana ndicho kinachokula umeme zaidi. Kikishatulia hutumia wati 1,500 hivi, lakini kompresa inapoanza huweza kudai karibu wati 3,000 kwa muda mfupi. Jenereta ya inveta yenye wati 3,000 za kudumu na 3,500 za kuanzia itawatosha, mradi msiwashe maikrowevu wakati huohuo. Mkipanda milimani nguvu zake hupungua, kwa hiyo acheni akiba.

Kulala ikiwaka, hapana. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Hata mchana, iwekeni angalau mita 6 kutoka kwenye trela, eksozi ikielekea mbali na madirisha yenu na ya jirani. Kamwe msiiweke chini ya turubai la trela. Kabla ya kila safari, bonyezeni kitufe cha kujaribu king'ora cha gesi hiyo. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nje nyote papo hapo, kisha pigeni 911.

Wakati wa kuongeza petroli, izimeni na msubiri ipoe. Mafuta yakimwagikia eksozi ya moto, yanaweza kulipuka moto.