Ukiandikiwa Barua ya Madai ya Hataza

Mei 2011, wasanidi wadogo wa programu za simu, baadhi yao wakifanya kazi peke yao nyumbani, walipokea barua kutoka kampuni ya Texas iitwayo Lodsys. Barua zilidai kwamba kitufe walichoweka ndani ya programu zao, kile kinachomwezesha mtumiaji kununua toleo kamili papo hapo, kimevunja hataza (patent) ya kampuni hiyo. Lodsys yenyewe haikuwa na programu yoyote sokoni. Ilichotaka ni asilimia 0.575 ya mapato ambayo kila msanidi aliyapata Marekani. Mmoja wa walioandikiwa alikuwa Uskoti. Miezi miwili baadaye Rovio ya Ufini, kampuni iliyotengeneza Angry Birds, ikaburutwa mahakamani Texas.

Hataza hufanya kazi nchi kwa nchi. Iliyosajiliwa Marekani haimfungi mtu kwa anachouza Tanzania au Kenya. Lakini mteja wa Houston akinunua programu yako kwa dola, mauzo hayo yamefanyika Marekani, na mwenye hataza anaweza kukudai huko. Kwa hiyo kijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Kigali anayeuza kupitia maduka ya Apple na Google ana sababu ya kuujua mchezo huu, na ndugu yake aliyefungua kampuni Minnesota ana sababu kubwa zaidi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni nguvu ya barua yenyewe inatoka wapi. Mara nyingi inatoka kwenye gharama. Kesi ya hataza Marekani ikifika hadi hukumu humla mlalamikiwa mamilioni ya dola hata akishinda, na anayedai hulijua hilo, basi huomba kiasi kilicho chini ya gharama hiyo ili kulipa kuonekane ndiyo busara. Hata wakubwa hunaswa. Machi 2006 kampuni ya RIM, watengenezaji wa BlackBerry, iliilipa kampuni ya NTP, iliyodai kwamba huduma hiyo ilivunja hataza zake, dola milioni 612.5 wakati Ofisi ya Hataza ya Marekani ilikuwa tayari imeanza kuzikataa hataza hizo hizo. RIM iliogopa kwamba jaji angezima huduma yake nchini humo kabla ya ofisi kumaliza kazi. Naamini huo ulikuwa unyang'anyi uliopewa mhuri wa sheria. Miezi miwili tu baadaye, katika kesi ya eBay na MercExchange, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kushinda kesi ya hataza hakumpi mtu haki ya moja kwa moja ya kuizima bidhaa ya mwenzake.

Sasa barua imefika. Tazama kwanza kama ni barua tu au ni hati ya mashtaka iliyotoka mahakamani. Barua haina saa inayohesabu. Hati ya mashtaka inayo: katika mahakama za shirikisho za Marekani, ukishakabidhiwa rasmi una siku 21 za kujibu. Ukikubali kupokea bila kungoja ukabidhiwe rasmi, unapata siku 60, na aliye nje ya Marekani hupata 90. Anayeitupa hati kapuni akidhani wamekosea anwani anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa.

Usijibu siku hiyo. Na usiandike chochote kuhusu hataza hiyo kwa wenzako, iwe kwenye barua pepe au kundi la WhatsApp la ofisi. Mkishtakiwa, upande wa pili una haki ya kudai ujumbe huo wote, na sentensi moja ya utani kama "jamani tumewaibia kweli" inaweza kutumika kuthibitisha kwamba mlivunja hataza kwa makusudi. Hilo likithibitika, jaji ana uwezo wa kuongeza fidia hadi mara tatu. Wakati huohuo usifute kitu. Kufuta kumbukumbu baada ya kupata barua kunaweza kuwa kosa zito kuliko lile unalotuhumiwa. Zungumza kwa mdomo, na mazungumzo ya maana yafanye mbele ya wakili, kwa kuwa siri kati ya mteja na wakili wake inalindwa.

Kisha itafute hataza yenyewe. Barua inayostahili heshima hutaja namba. Isipotaja, hilo ndilo swali lako la kwanza kwao. Ukiwa na namba, fungua Google Patents, bila malipo, usome tarehe. Hataza za Marekani kwa kawaida huishi miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa, na ili zibaki hai mwenye nazo hulipa ada miaka mitatu na nusu, saba na nusu, na kumi na moja na nusu baada ya hataza kutolewa. Zipo hataza zilizokufa kwa kukosa ada, na zipo zilizomaliza umri wake. Hii isikupe kiburi mapema: hata hataza iliyokufa inaweza kudai fidia ya matumizi ya zamani, hadi miaka sita nyuma. Angalia pia nani ameandikishwa kuwa mmiliki leo. Kampuni iliyoinunua mwaka jana na haina bidhaa yoyote huwa ni walanguzi wa hataza, na mlanguzi huogopa jambo moja: hataza yake kufutwa, maana ndiyo mali yake yote.

Hapa ndipo wengi hukosea. Husoma kichwa cha hataza na muhtasari wake, wanaona maneno mapana kama "mfumo wa kuuza kwa mtandao", wanakata tamaa. Kichwa hakina nguvu ya kisheria. Nguvu iko mwishoni mwa hati, kwenye aya zenye namba, ambazo ndizo madai ya hataza. Kila dai limejengwa kwa vipengele, na ili uhesabiwe kuwa umelivunja lazima programu yako ifanye vyote. Ukikosa kimoja, dai hilo kwa kawaida halikupati. Tafuta madai yanayojitegemea, yale yasiyoanza kwa kurejelea dai jingine. Ukiyaepuka hayo, mengine yanayoyategemea huanguka nayo.

Chukua karatasi uichore safu mbili, kushoto vipengele vya dai kimoja kimoja, kulia kile ambacho programu yako inafanya kweli. Fanya kazi hii kwa maelekezo ya wakili ili nayo iwe siri. Sijui zoezi lenye faida zaidi ya hili. Mfano wake maarufu ni hataza ya Amazon ya kununua kwa mbofyo mmoja, iliyotolewa Septemba 1999. Mwezi uliofuata Amazon iliwashtaki Barnes & Noble, na Desemba mahakama ikawazuia. Dai lilisimama juu ya kipengele cha tendo moja, basi Barnes & Noble wakaongeza mbofyo wa pili wa kuthibitisha, wakaendelea kuuza. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa iliondoa zuio kwa kuona kwamba uhalali wa hataza hiyo una maswali mazito. Hataza ilidumu hadi 2017, na kwa miaka mingi wanunuzi wengi waliongezewa hatua moja isiyo na maana kwa sababu ya kipengele kimoja cha maneno.

Ikiwa vipengele vyote vinakugusa, swali linahamia kwao: je, jambo hili lilikuwa jipya walipoliombea hataza? Tafuta chochote kilichotangulia tarehe ya ombi lao, iwe makala ya chuo, mwongozo wa mtumiaji, diski ya zamani au ukurasa uliohifadhiwa na Internet Archive. Kampuni ya Soverain ilikuwa na hataza za kikapu cha manunuzi mtandaoni, na Amazon iliilipa dola milioni 40 mwaka 2005. Newegg, duka la vifaa vya kompyuta, lilikataa. Lilishindwa Texas, likakata rufaa, likaonyesha kwamba CompuServe ilikuwa ikiuza bidhaa kwa kompyuta tangu 1984. Januari 2013 mahakama ya rufaa ilizibatilisha hataza hizo, na wote waliokuwa kwenye foleni ya kudaiwa wakapona pamoja na Newegg.

Kazi hii haihitaji fedha za Newegg. Kampuni ya Personal Audio ilipoanza kuwadai watengenezaji wa podikasti, shirika la Electronic Frontier Foundation lilichangisha fedha, likapeleka vipindi vya CNN na vya CBC ya Kanada vilivyokuwa vikiwekwa mtandaoni kabla ya ombi la hataza, na Aprili 2015 madai yaliyopingwa yakafutwa. Kampuni ya mtandao ya Cloudflare, iliposhtakiwa na kampuni ya Blackbird mwaka 2017, iliahidi zawadi ya fedha kwa yeyote atakayeleta ushahidi wa kuziua hataza za Blackbird, na watu wengi wakaleta. Waulize wenzako wa fani. Mhandisi aliyestaafu mara nyingi ana kabrasha linalotosha.

Ushahidi huo unaweza kupelekwa mahakamani au kwenye baraza la Ofisi ya Hataza lililoanza kupokea mapingamizi ya namna hii Septemba 2012. Baraza huangalia hataza nyingine na machapisho tu. Ada yake pekee ni makumi ya maelfu ya dola, na ukishakabidhiwa mashtaka una mwaka mmoja wa kuomba. Kwa mtu mdogo njia hii ina maana akiungana na wadaiwa wenzake. Watafute: orodha ya kesi za mahakama za shirikisho iko wazi kwa umma.

Iko pia silaha ya Alice. Juni 2014 Mahakama ya Juu, majaji wote tisa wakikubaliana, iliamua katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank kwamba wazo la kufikirika halipati hataza kwa sababu tu linatekelezwa na kompyuta. Hataza za Alice zilihusu mtu wa kati anayehakikisha pande mbili za muamala zinatimiza ahadi, jambo ambalo wafanyabiashara wamelifanya tangu zamani. Soma dai unalotuhumiwa nalo, uondoe maneno kompyuta, seva na mtandao, utazame kilichobaki. Kikibaki kitu ambacho karani angeweza kufanya kwa daftari na kalamu, mwambie wakili wako neno moja tu, Alice, ataelewa.

Usisahau kuuliza kama leseni ipo tayari. Katika mgogoro wa Lodsys, Apple ilidai kwamba yenyewe ilikwisha kulipia hataza hizo na leseni yake inawafunika wasanidi wanaotumia vifaa na huduma zake. Lodsys ilikataa, na wadaiwa wengi walipatana nayo kabla mahakama haijaliamua suala hilo. Kaspersky haikupatana. Oktoba 2013, kesi ikiwa imebaki kidogo kusikilizwa, Lodsys iliiondoa yenyewe bila kupata hata senti. Kwa hiyo orodhesha maktaba na huduma za wengine ulizotumia, uwaandikie wenye nazo. Sehemu yenye leseni ya Apache 2.0 huja na ruhusa ya hataza kutoka kwa waliochangia msimbo wake, na ruhusa hiyo humfia yeyote anayeshtaki kwa ajili yake. Leseni ya MIT haisemi neno juu ya hataza, jambo la kukumbuka unapochagua cha kujengea.

Kama wewe ni mtumiaji tu wa kifaa, nafasi yako ni nzuri zaidi. Kampuni ya MPHJ iliziandikia biashara ndogo zaidi ya 16,000 ikidai karibu dola 1,000 kwa kila mfanyakazi kwa kosa la kuskani hati na kuituma kwa barua pepe. Mwanasheria Mkuu wa Vermont aliishtaki Mei 2013, na jimbo hilo likatunga sheria dhidi ya madai ya hataza yasiyo ya nia njema. Majimbo mengine mengi yakafuata. Kama uko Marekani, barua ya namna hiyo mpelekee mwanasheria mkuu wa jimbo lako.

Kulipa nako si aibu. Kama dai linakugusa, hataza ni imara na kiasi ni kidogo, lipa, lakini pata kitu kamili. Taka leseni ya hataza zao zote zinazohusiana, siyo hii moja. Wateja wako nao wafunikwe, pamoja na matoleo yajayo. Malipo yawe ya mara moja badala ya asilimia, na mkataba useme wazi kwamba hukiri kosa. Hata hivyo, Wakfu wa GNOME wa programu huria, ulioshtakiwa mwaka 2019 kwa ajili ya programu ya picha ya Shotwell, uliweka mfano bora kuliko yote. Ulichangiwa na maelfu ya watu, ukagoma kununua leseni, na Mei 2020 ukapata makubaliano ambamo mwenye hataza aliahidi kutotumia hataza zake dhidi ya programu yoyote yenye leseni huria iliyoidhinishwa.

Ambaye hajaandikiwa bado azibe ufa mapema. Hifadhi historia ya msimbo wako na tarehe zake, andika hadharani jinsi mbinu zako zinavyofanya kazi ili mwingine asizidai kesho, na ujiunge na Open Invention Network, ambayo wanachama wake wameahidi kutoshtakiana juu ya mfumo wa Linux. LOT Network, muungano wa kujikinga na walanguzi wa hataza, huzipokea bure kampuni changa.

Na kama barua iko mezani kwako leo, nakili namba ya hataza na tarehe uliyoipokea, uwaambie wenzako wasifute wala wasiandike lolote, kisha mtafute wakili wa hataza mwenye leseni Marekani kabla hujamjibu mtu yeyote. Wapo wanaokubali mazungumzo ya kwanza bila malipo, na zipo kliniki za vyuo vikuu vya sheria vya huko zinazowasaidia wasanidi wadogo.