MOYO WA MAMA ALIYEZAA

Mama wapenzi, siku ya kliniki tunawauliza sana habari za mtoto: ananyonya? amechanjwa? Leo tuongee habari za moyo wako wewe uliyemzaa.

Moyo unasukuma damu mwilini mwote, mchana na usiku. Wakati wa mimba damu inaongezeka, na kazi ya moyo inaongezeka pia. Kwa wamama wengine moyo unalegea, hasa tangu mwezi wa mwisho wa mimba mpaka mtoto afikishe miezi 5. Hata mama kijana ambaye hakuwa na ugonjwa wowote anaweza kupatwa.

Utajua namna gani? Miguu kuvimba kidogo kabla ya kuzaa tunaona kila siku, na mama akisha kuzaa inapungua. Lakini fikiri mama mwenye mtoto wa majuma 3. Miguu yote miwili inazidi kuvimba. Ukikandamiza kwa kidole gumba, shimo linabaki. Akitoka bombani na bidoni ya maji anapumzika mara tatu, na zamani hakupumzika hata mara moja. Usiku hawezi kulala chali: anatafuta mto wa pili, wa tatu, mwisho anakesha ameketi. Anakohoa, moyo unapiga mbio. Jirani mmoja atasema ni uchovu wa uzazi, mwingine kifua kikuu, mwingine atatafuta nani amemroga. Wakati huo maji yanajaa katika mapafu! Mama huyu aende hospitali siku ileile, asingoje siku ya kliniki. Kuomba Mungu ni vema, nasi tunaomba. Mchungaji anaweza kuomba mkiwa njiani.

Sasa habari ya chumvi. Kule Zaria, kaskazini ya Nigeria, katika miaka ya 1970 madaktari waliona wamama wengi wenye ugonjwa huu. Desturi ya kule ilikuwa kumpa mama aliyezaa uji wenye kanwa, na kumlaza juu ya kitanda cha udongo chenye moto chini yake. Kanwa ni namna ya magadi, kama yale tunayotia katika maharagi. Magadi na chumvi vinashika maji mwilini, na moyo uliochoka unashindwa kuyasukuma. Si chumvi peke yake inayoleta ugonjwa, lakini inauzidisha. Basi mzazi asilishwe magadi. Ndagala iliyokaushwa juani bila chumvi haina neno. Makayabu, loweka kwanza na kumwaga maji yake.

Kila kliniki ukubali kupimwa tansio, hata ukijisikia mzima. Ikifika 14 kwa 9 au zaidi, usirudi nyumbani bila muuguzi kukueleza la kufanya.

Kuna moyo mwingine ulioharibika tangu utoto. Mtoto anaumwa koo, hatunzwi vizuri. Nyuma ya majuma machache magoti na viwiko vinavimba kwa zamu, na milango ya moyo inaumia. Msichana anakua, anaolewa, na mimba ya kwanza ndiyo inafunua ugonjwa. Kwa hiyo koo la mtoto lenye homa lionwe na muuguzi, na dawa ya penisilini imalizike. Aliyeandikiwa sindano ya kila majuma 3 au 4 asiruke hata moja.

Mama aliyeanza dawa ya moyo asiache kwa sababu miguu imepungua. Wengi wanapona, lakini inaomba miezi, na mimba nyingine inaweza kurudisha ugonjwa kwa nguvu. Hapo baba naye aje tuongee pamoja juu ya kupanga uzazi, maana si kila njia inafaa mwenye moyo mgonjwa. Akipata mimba tena, azalie hospitali, si nyumbani.

Na mkimleta mgonjwa anayekosa pumzi, kwa kipoyi au kwa gari, msimlaze chali. Mketishe, mtu akae nyuma yake kumwegemeza, miguu ishuke chini.