Wastani Ulioshuka Usomwe Vipi?

Mama mmoja, jirani yangu, aliniletea ripoti ya mwanawe wa kidato cha pili. Wastani ulikuwa 38. "Mwalimu, huyu si ndiyo basi tena?" aliniuliza. Alikwisha kuamua kwamba kijana asome Hisabati kila usiku mpaka wastani upande.

Ndugu mwanachuo, wewe utafundisha shule ya msingi, na huenda ukadhani kwamba habari hii ni ya walimu wa sekondari. Subiri kidogo.

Wastani hausemi alama zimepotelea wapi. Ilitubidi kuzitazama alama zenyewe: Kiswahili 62, Kemia 41, Jiografia 40, Historia 38, Biolojia 36, Kiingereza 31, Hisabati 18. Jumla yake ni 266. Ili wastani ufike 45, ambapo daraja C huanzia katika mtihani wa kidato cha nne, zilitakiwa 315. Pengo lilikuwa alama 49. Kuzitafuta zote katika Hisabati ni kumtaka kijana atoke 18 afike 67 kwa muhula mmoja. Simjui mwalimu wa kuahidi hivyo.

Nikaomba karatasi za majibu. Katika Historia aliulizwa aeleze sababu, naye akazitaja tu kwa maneno mawili matatu. Katika Biolojia alitakiwa kutofautisha vitu viwili, akaeleza kimoja na kukiacha cha pili. Nilipomwuliza maswali yale yale kwa Kiswahili alijibu vizuri, tena kwa mifano. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na hapana aliyemfundisha maneno yanayoamrisha katika swali. Kosa moja lilikuwa likila alama katika masomo manne! Basi tulianza na maneno hayo, kumi na mawili tu, kila neno na swali lake, na jibu likiandikwa kwa ukamilifu.

Hisabati ilikuwa na kisa kingine. Nusu kujumlisha theluthi alipata 2/5, kwa kuwa alijumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Kosa hili ni la shule ya msingi. Mwalimu fulani alilitia alama nyekundu akaendelea, bila kumwuliza mtoto amefikaje hapo. Kamba ya sentimeta 30 ingalitosha: nusu yake ni 15, theluthi yake 10, jumla 25, yaani 5/6, lakini 2/5 ni sentimeta 12 tu, pungufu hata ya ile nusu peke yake. Kwa hiyo utakapokuwa katika mazoezi ya kufundisha, usiridhike kuandika 4 kwa 10 katika daftari. Andika pembeni, kwa matumizi yako, aina ya kosa, kisha uhesabu ni watoto wangapi wanalo.

Muhula uliofuata wastani wa kijana ulikuwa 44. Hisabati ilifika 27 tu, na jioni bado tunakata kamba.