Kipepeo katika Tope

Somo: Yoeli 2:21-27

Mwaka 1952 mwandishi Mmarekani Ray Bradbury alitoa hadithi fupi juu ya safari ya kurudi nyakati za kale. Bwana Eckels analipa dola 10,000 apelekwe kwa mashine kuwinda dinosau. Ameonywa asiiache njia waliyowekewa. Amwonapo mnyama, hofu inamshika, anatoka njiani. Warudipo mwaka wao, 2055, hata tahajia ya maneno imebadilika, na uchaguzi ameshinda mtu wa mabavu. Katika tope la kiatu chake yumo kipepeo mfu.

Eckels anasihi warudi wakamfufue kipepeo. Haiwezekani. (Kiongozi wake anainua bunduki, hapo hatumsifu.) Nasi tumelia hivyo juu ya neno tulilomwambia mzazi au mtoto.

Yoeli asema Bwana atairudisha miaka iliyoliwa na nzige. Atairudishaje, na nzige wamekwisha kula? Tusome aya ya 23 na 24: kwa mvua, na ngano mpya ya kujaza sakafu za kupuria.

Kwa mazungumzo vikundini: Je, yupo tunayemngoja arudishe lisilorudishika ndipo tumsamehe?